Sungusungu, kamera au walinzi wa kampuni: mtaa wenu ukitaka kuchagua, angalieni haya kwanza

Jumapili ijayo mtaani kwetu huku Mbeya, upande wa Uyole, tunakaa mkutano wa mtaa na ajenda ni moja tu, ulinzi. Tangu mwezi wa tano zimeibwa pikipiki mbili, betri za sola sijui ngapi, na jirani yangu alichinjiwa nguruwe humo humo bandani, kaamka asubuhi kakuta utumbo na damu. Watu wana hasira na mimi pia ninayo. Mezani kuna vitu vitatu: turudishe sungusungu ya zamu (kwenye vikao wanaita ulinzi shirikishi), tufunge kamera za CCTV njia kubwa, au tuchange tuweke walinzi wa kampuni. Vijana wenzangu wananiuliza kila siku mbona sisemi niko upande gani, basi naandika hapa jinsi nilivyovilinganisha, na mtaa wenu ukifika huko mtapata pa kuanzia.

Kipimo changu ni mama mmoja. Kila mtaa wa Mbeya unaye mama wa hivi, anatoka saa kumi alfajiri, ukungu umeshuka mpaka huoni mguu wako, baridi ya mwezi wa sita inakata masikio, kajifunga kanga mbili na sweta, anawahi mzigo wa viazi sokoni kabla madalali hawajauchambua. Huyo mama anataka njia isiyo na kibaka. Na huyo huyo anataka njia isiyo na mtu wa kummulika tochi usoni na kumwuliza unatoka wapi saa hizi, kana kwamba kuamka mapema ni kosa. Watu wanapenda kusema chagueni usalama au chagueni haki, sasa nenda kamwambie huyo mama achague, maana vyote viwili anavihitaji kwenye safari moja ya robo saa.

Kwa hiyo kila ulinzi niliouangalia nimejiuliza, huyu mama atapita salama, na je atapita kwa amani?

Halafu kuna kipimo cha sheria, nitakipitia haraka. Haki za msingi ziliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984 na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Ibara ya 15 ni uhuru wako wa kutokamatwa ovyo, ya 16 ni faragha yako na ya nyumba yako, ya 17 ni kwenda utakako. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo ziwekewe mipaka kwa ajili ya usalama wa jamii na ulinzi, kwa hiyo asije mtu akakwambia haki haina mpaka, unao. Ila mpaka nao una masharti. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Kukutia ole Pumbun ilisema sheria inayobana haki kwa jina la maslahi ya umma lazima ipite vitu viwili: isiwe ya kiholela, yaani iwe na kinga za kuzuia mwenye madaraka asiitumie vibaya, na isibane zaidi ya kile kinachohitajika kweli. Kesi yenyewe ilihusu mwananchi kulazimika kuomba kibali cha serikali ndipo aishtaki serikali, na hicho kifungu kilianguka. Mimi si mwanasheria lakini haya mawili naona yanafaa hata kwenye mkutano wa mtaa chini ya mwembe.

Sungusungu

Hii ndiyo inayopendwa na wazee, na mama yangu mzazi anaongoza. Asili yake si huku, ilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya mwanzo ya 80, ng'ombe wakiibwa, polisi wako mbali, bunduki zimezagaa baada ya vita vya Kagera, wanakijiji wakajipanga wenyewe. Serikali ikaona inafanya kazi ikaikubali, na mwaka 1989 Sheria ya Mgambo ya 1973 ikarekebishwa ili vikundi hivi viwe na nguvu ya kukamata. Yaani si kitu cha nje ya sheria kama wengine wanavyodhani.

Uzuri wake ni kwamba mlinzi unamjua. Ni mtoto wa fulani, mnasali naye, ukiwa na mgonjwa usiku atakusaidia kumbeba mpaka bajaji ipatikane. Na bei haina mpinzani, zamu moja kwa kaya kila wiki mbili, tochi, filimbi na koti zito. Na yule mama wa saa kumi, doria ikiwa nzuri, anasindikizwa mpaka barabarani. Hilo kamera haliwezi.

Ubaya wake sasa. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye oveni ya mikate, anatoka saa tano usiku, mwaka juzi alikatiza mtaa wa jirani akakutana na doria. Hana kitambulisho, kakiacha nyumbani. Walimshika, wakamweka ofisini mpaka kumekucha, mwezi wa saba huo na shati moja, asubuhi wakamwambia faini elfu ishirini. Risiti hakuna. Kosa halijaandikwa popote. Alipouliza nimevunja sheria gani alipigwa kofi na mtu ambaye kesho yake alikuja dukani kwetu kununua sukari, na hakusalimia. Dogo mpaka leo anazunguka njia ndefu, dakika ishirini zaidi, usiku kila siku.

Nilimweleza mama nikidhani atabadilika, akaniambia mwanangu mwaka ule wameanza doria hakuna kuku hata mmoja aliyepotea. Na ni kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo, yote mawili ni kweli.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa ya aina fulani mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi kuhukumu wala kutoza faini, wala kupiga. Kwa maana hiyo kilichomkuta mdogo wangu hakikuwa ukali wa sungusungu, kilikuwa ni sungusungu iliyovuka mstari wake na hakukuwa na mtu wa kuirudisha. Na nasema wazi kabisa, kule watu wanakojuana sana ndiko visasi vinapojificha, mna ugomvi wa mpaka wa shamba, leo mwenzako kapewa kirungu na tochi, unadhani nini kitatokea?

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo hatupendi kulisema. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, mauaji ya kinyama, nchi nzima ilitetemeka. Wazazi tuliwasindikiza watoto shule mkono kwa mkono. Kipindi kile mtu yeyote mgeni akisimama karibu na shule moyo ulikuwa unaruka, na mimi mwenyewe kama mtu angeniambia yule pale ndiye, sijui ningefanya nini. Najua hofu inavyofanya kazi kwa sababu nilikuwa nayo. Kirungu mikononi mwa watu wenye hofu ya namna ile kinahitaji masharti yaliyoandikwa kabla, wakati akili zimetulia.

Kamera

Vijana wanazipenda. Tulitajiwa na fundi milioni mbili na laki tatu kwa kamera nne za sola na kifaa cha kuhifadhia picha, kaya zetu ni kama 140, ni karibu 16,500 kila kaya mara moja tu. Kamera haipigi kofi wala haitozi faini. Haina ugomvi wa shamba na mtu. Mdogo wangu angepita asisumbuliwe, angerekodiwa tu akaenda zake kulala.

Ila kamera haimzuii mwizi, inamwangalia. Ukungu wa Mbeya nao ukishuka, kwenye picha ya usiku unaona weupe mtupu, fundi mwenyewe alikubali. Mwizi akivaa kofia ya sweta na kitambaa puani, ambavyo mwezi wa sita wote tumevaa, utamjuaje?

Swali langu kubwa lakini ni hili, picha zinakaa kwa nani? Fundi alisema zinaweza kuunganishwa na simu ya mtu yeyote mtakayemchagua. Haya, tuseme tumemchagua mjumbe. Mjumbe sasa anajua kila siku nani karudi saa ngapi na nani kaingia kwa nani, binti wa nani kashushwa na gari gani. Anajua kina nani walikwenda kwenye kikao cha chama gani. Kwenye mtaa mdogo hiyo ni nguvu kubwa kuliko kirungu, kwa sababu kirungu kinaonekana. Na mjumbe akibadilishwa mwaka kesho, ile simu inabaki na nani?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ipo na Tume yake. Sura yako ni taarifa binafsi. Anayekusanya anatakiwa ajisajili Tume, awe na sababu ya kueleweka, asizitumie kwa kitu kingine, na wewe una haki ya kuuliza nini kimehifadhiwa kukuhusu. Nilipolitaja hili kwenye kikao kidogo cha wiki iliyopita watu waliniangalia kama nazungumza Kichina, na mle ndani kuna watu watatu tayari wana kamera majumbani na mbili kati ya hizo zinatazama barabarani, moja inatazama mlango wa jirani moja kwa moja. Huyo jirani hajawahi kuulizwa.

Kampuni

Hapa sitakaa sana. Walinzi wawili wa usiku tuliambiwa inafika elfu tano kwa kaya kwa mwezi, na nusu ya mtaa wetu ni wapangaji na wakulima wadogo ambao pesa inaingia msimu wa mavuno tu. Faida ni mkataba, kuna bosi wa kumlalamikia, mlinzi ana sare na jina. Hasara ni kwamba analinda anayelipa. Mabanda ya kule chini ambako hawatalipa, mlinzi hatafika, na wizi utahamia huko kwa wasio nacho, na yule mama wa viazi anaishi huko huko. Pia mlinzi wa mshahara mdogo usiku wa baridi analala, siwalaumu, ni binadamu. Kwa mtaa wa maduka na maghala nasema sawa, tena ndiyo chaguo la kwanza, ila kwa mtaa wa makazi kama wetu hapana.

Ukiviweka vyote pamoja

Ukikosewa unaenda kwa nani? Kampuni inajibu vizuri zaidi, ina ofisi na mkataba. Kamera inajibu nusu, ipo Tume lakini ni wangapi mtaani watafunga safari ya malalamiko. Sungusungu ya kienyeji inajibu vibaya kuliko zote, maana unayemlalamikia na unayemlalamikia kwake ni watu wa benchi moja. Lakini ndiyo pekee ambayo sisi wenyewe kwenye mkutano tunaweza kuibadilisha kwa kunyoosha mikono, bila wakili.

Nani anaumia? Doria inawaumiza wanaotembea usiku, wafanyakazi wa zamu, bodaboda, wapangaji wapya wasiojulikana sura. Kamera inawagusa wote kidogo kidogo bila wao kusikia maumivu. Kampuni inawaumiza wasio na hela.

Na swali ambalo watu hawaliulizi kabisa, je inaachika? Wezi wakiisha, huu ulinzi utaisha? Mkataba wa kampuni usipolipwa unaisha. Doria nayo watu wakichoka inakufa yenyewe, tumeshaiona ikifa mara mbili. Kamera haifi. Ikishafungwa ipo, na kila mwaka itapatikana sababu mpya ya kuibakiza.

Hili la kuachika nimejifunza kwenye mambo ya nchi. Mwaka 1962, nchi changa, hofu ya maadui kila kona, Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani kwa amri ya Rais. Unaweza kuelewa hofu ya wakati ule. Lakini karibu miaka 30 baadaye Tume ya Nyalali, ile ya kukusanya maoni kuhusu vyama vingi, ilipokagua sheria za nchi bado iliikuta kitabuni, wakaiweka kwenye orodha ya sheria 40 walizoona zinakandamiza. Au chukua ya wakuu wa mikoa na wilaya, sheria ya 1997 inawapa uwezo wa kuamuru mtu ashikwe mpaka saa 48 kama anahatarisha amani, na kuna masharti, sababu iandikwe, mtu afikishwe mahakamani kabla muda huo haujaisha, la sivyo aachiwe. Masharti yapo kwenye karatasi. Ukiuliza watu kumi mtaani kama wanayajua hayo masharti utapata majibu gani, ila ya kuwekwa ndani wanayajua wote.

Linganisha na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ule wa 2019 mpaka Januari 2020. Tulipanga foleni, wazee wetu vidole vimesuguliwa na jembe mashine haivisomi, lakini mwisho wa siku kila mtu alijua anatoa nini na sababu waliyopewa ni matapeli wa mitandaoni. Hiyo ni hatua unayoweza kuibishania. Halafu linganisha na Oktoba 2025 siku ya uchaguzi, intaneti ikazimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Hiyo haikumlenga mtu fulani mwenye kosa, ilitupata wote, mwenye nia mbaya na binti anayemtafuta mama yake Makambako. Kwa kipimo kile cha 1993, isibane zaidi ya kinachohitajika, mimi naona haipiti. Mwingine ataona inapita, na ni haki yake kuona hivyo, lakini aseme kwa kipimo, sio kwa kusema tu usalama wa taifa basi mjadala umefungwa.

Na wenzetu wa Iringa wana la kwao ambalo siwezi kuliruka. Septemba 2, 2012 pale Nyololo, Mufindi, mikutano ya siasa ilikuwa imezuiwa kwa maelezo kwamba sensa bado inaendelea. Zuio la muda tu, sababu inayoeleweka ukiisikia harakaharaka. Siku ile mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, akiwa kazini, aliuawa kwa bomu la machozi mikononi mwa polisi. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mahakama ilifika, na hilo nalihesabu, lakini ilichukua miaka minne na Mwangosi hakurudi. Nikisikia mtu mtaani anasema "ni kwa muda tu" nakumbuka Nyololo.

Sasa mchague nini

Mkiwa mtaa wa wanafunzi na wapangaji wengi, mfano maeneo yanayozunguka chuo cha Mkwawa kule Iringa au chuo chetu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, sungusungu iogopeni. Watu wanahama kila muhula, mgeni ndiyo wengi, doria itakuwa inakamata watoto wanaotoka kujisomea. Huko taa za njiani kwanza, kweli taa, nashangaa hazikutajwa kwenye kikao chetu hata mara moja, halafu kamera moja au mbili kwenye makutano zikitazama barabara tu.

Mtaa wa maduka, maghala, stendi, Tunduma na Makambako huko kwa malori, kampuni. Mnao uwezo, na mkataba uandikwe kwamba mlinzi hapekui mtu wala simu ya mtu.

Mtaa kama wetu, wenyeji wengi, pesa kidogo, giza na mashamba ya mahindi katikati, mimi Jumapili nitanyoosha mkono kwa sungusungu. Ndiyo, pamoja na kofi la mdogo wangu. Ila nitanyoosha mkono masharti yakisomwa kwanza na yakiandikwa kwenye muhtasari: kuwe na daftari, kila anayesimamishwa aandikwe saa na sababu na jina la aliyemsimamisha, na yeye asaini. Hakuna faini ya usiku, hata mia. Akishikwa mtu apelekwe polisi usiku huo huo, sio asubuhi. Wanaotoka kazini usiku na wanaowahi soko wajiandikishe wakitaka, asiyejiandikisha asiadhibiwe kwa hilo. Malalamiko yapokelewe na watu watatu ambao hawapo kwenye zamu, mmoja wao mpangaji. Na doria ife yenyewe baada ya miezi sita, tukiitaka tena tukae tena tupige kura.

Jana jioni nilimsomea mama haya masharti tukiwa tunaota moto jikoni. La faini alilikataa kabisa, anasema bila faini watu watalala zamu zao, tukabishana mpaka ugali ukapoa. La daftari alilikubali. Halafu akasema umewasahau wanawake, zamu ya alfajiri iwe na mama mmoja, mwanamke akisimamishwa gizani na wanaume wanne hawezi kujua ni doria au ni wezi. Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nimeliongeza juu kabisa ya karatasi, na la faini tutalipeleka wote wawili mkutanoni, yeye na lake na mimi na langu.